Seva ya Kwanza Ukiwa Lamadi: Vidokezo kwa Mwenye Laptopu Kuukuu na Bando Dogo

Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, Lamadi ndipo unapoamua: unyooke kwenda Bunda au ukate kulia uelekee Bariadi. Mji wa njia panda haukosi biashara ndogondogo, na siku hizi biashara ndogo nazo zina kompyuta nyuma ya kaunta: steshenari, duka la dawa, wakala wa pesa, nyumba za wageni za wanaopitia geti la Ndabaka kuingia Serengeti. Kompyuta zipo. Adimu ni mtu wa kuzitunza.

Kwa kijana anayeitaka kazi hiyo, Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, ndiyo njia ya gharama ndogo. Haina leseni ya kununua, inakubali mashine ambazo mifumo mingine imeshazikataa, na ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya seva duniani. Hata simu ya Android iliyo mfukoni mwako imejengwa juu ya kiini cha Linux, kile alichoanza kukiandika Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Vidokezo hivi havidai ofisi yenye kiyoyozi. Baadhi yake, kusema kweli, vinaeleweka haraka zaidi mahali ambapo umeme hukatika.

1. Laptopu haijapatikana? Anza na simu

Weka Termux kwenye simu ya Android. Ipakue kutoka F-Droid. Utapata terminali kamili, na hapo ndipo pa kuzoesha vidole amri za kila siku: pwd, ls, cd, cp, mv, less, grep. Ukishazizoea, weka ssh, ya kuingilia seva kwa mbali, kwa amri ya pkg install openssh, kisha ucheze Bandit, mchezo wa OverTheWire. Unaingia kwenye seva yao, unatafuta nywila iliyofichwa, na nywila hiyo ndiyo inayokufungulia ngazi ya pili, kisha ya tatu, na kuendelea. Mchezo mzima ni maandishi, kwa hiyo MB chache zinakufikisha mbali kuliko saa nzima ya video.

2. Nunua laptopu, acha kompyuta ya mezani

Najua ya mezani ni rahisi kwa bei. Hata hivyo, laptopu kuukuu ambayo betri yake bado inashika chaji ina UPS ndani yake tayari. Umeme ukikatika dakika kumi, seva haina habari. RAM ya GB 2 inatosha kwa seva ya kujifunzia isiyo na madirisha wala mapambo. Kitu kimoja usikubali kudanganywa dukani: prosesa iwe ya biti 64, kwa sababu Debian, Linux nitakayoipendekeza hapa chini, toleo lake la 13 lililotoka Agosti 2025 halina tena kisakinishi cha biti 32.

Ukifika nyumbani, fanya mambo matatu. Kwanza ifungue uitoe vumbi kwenye feni. Pili, angalia betri ndogo ya saa iliyo kwenye ubao, nyingi ni aina ya CR2032. Ikishakufa, mashine huamka ikidhani tuko miaka ya nyuma, na tovuti salama zinaanza kukataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyake vinaonekana havijaanza kutumika. Watu hubadilisha ruta, hununua bando jipya, na kumbe ni saa. Tatu, ukishasakinisha mfumo, fungua faili la /etc/systemd/logind.conf, utafute mstari wa HandleLidSwitch, uondoe alama ya # mbele yake, uandike HandleLidSwitch=ignore, kisha uwashe mashine upya. Bila hivyo, siku mtu akifunika laptopu ili apate pa kuweka sahani, seva italala.

3. Chagua Debian au Ubuntu Server, ubishi waachie wengine

Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Ubuntu ilikuja 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na imejengwa juu ya Debian, kwa hiyo amri utakazojifunza huku zitakufaa kule. Toleo la Ubuntu lenye uangalizi wa muda mrefu hutoka Aprili kila baada ya miaka miwili na hupata masahihisho ya usalama kwa miaka 5.

Kwa mwenye bando dogo napendekeza Debian kwa faili lake dogo la usakinishaji, lile la netinst, ambalo halifiki GB 1. Lipakue kwa bando la usiku. Kabla hujaliandika kwenye flashi, piga sha256sum ulinganishe na namba iliyo kwenye tovuti ya Debian, kwani upakuaji uliokatikakatika unaweza kukupa faili bovu lenye sura nzuri. Kisakinishi kikikuuliza unataka mazingira gani, ondoa alama kwenye madirisha yote, bakiza seva ya SSH na zana za kawaida.

4. Fanya kazi kama mtumiaji wa kawaida

Root, mtumiaji mkuu wa mfumo, anaweza kila kitu, ikiwemo kufuta kila kitu. Ingia kwa akaunti yako, na panapohitajika mamlaka tumia sudo, programu iliyozaliwa mwaka 1980 katika chuo kikuu kimoja huko Buffalo, Marekani. Faida yake ya pili hutajwa mara chache: inaacha rekodi. Piga sudo journalctl _COMM=sudo uone nani aliamuru nini na saa ngapi. Siku mkiwa wawili mnaoshika seva moja, rekodi hiyo itawaepusha na kununiana.

5. Folda nne kabla ya amri mia

/etc ina mipangilio. /var/log ina kumbukumbu za matukio, wengi wanaziita logi. /home ni makazi ya watumiaji. /srv ni pa kuweka vitu ambavyo seva inawahudumia watu. Kabla ya kugusa faili lolote la /etc, litolee nakala yenye jina linaloeleweka: sudo cp sshd_config sshd_config.asili. Swali likija, piga man na jina la amri. Kurasa hizo zimo ndani ya mashine na hazili bando. Kwa kitabu, The Linux Command Line cha William Shotts kinapakuliwa bure, na hicho peke yake kinakutosha miezi kadhaa.

6. Ruhusa jifunzie steshenari

Simama dakika chache kwenye steshenari yoyote yenye foleni.

“Shikamoo mama. Naomba unitolee ile CV yangu ya juzi.”

“Marahaba mwanangu. Uliiandika jina gani?”

Mama anafungua folda na kushuka nayo polepole, na mteja aliye mbele ya kaunta anaona yote: kitambulisho cha NIDA cha jirani, cheti cha kidato cha nne cha mtoto wa mwalimu, barua ya mkopo ya mtu asiyemfahamu. Flashi yenye virusi ikichomekwa hapo, vyote vinaondoka pamoja.

Tatizo hilo ndilo darasa lako la ruhusa. Tengeneza kundi: sudo groupadd steshenari. Wafungulie wahudumu akaunti zao, uwaingize kundini kwa sudo usermod -aG steshenari, ukifuatisha jina la mhudumu. Folda ya wateja imilikiwe na kundi hilo: sudo chgrp steshenari /srv/wateja, halafu sudo chmod 2770 /srv/wateja. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1. Jumla yake 7. Katika 770, namba ya kwanza ni ya mwenyewe, ya pili ya kundi, ya tatu ya watu wengine, na hapa wengine wamepewa sifuri. Ile 2 ya mbele inafanya kila faili jipya litakalozaliwa humo lirithi kundi la steshenari, hivyo mhudumu wa asubuhi hamfungii nje wa jioni. Wateja wanaokuja kutumia kompyuta wenyewe wape akaunti ya mgeni. Ijaribu: ingia kama mgeni, piga ls /srv/wateja, na unatakiwa ukataliwe.

Utakutana na mafundi wanaotibu kila ugonjwa kwa chmod 777. Usiwaige. Hiyo ni kulala mlango wazi kwa sababu ufunguo ulikwama mara moja. Tena siku hizi Tanzania kuna sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na nakala za vitambulisho vya watu ni taarifa binafsi popote zilipo, hata kwenye kibanda cha mabati.

7. Umeme ukirudi, soma logi kabla ya kufanya lolote

Hili somo Lamadi unalipata bila ada. Seva ikiwaka, piga sudo journalctl --list-boots uone orodha ya kuwaka na kuzima. Kisha sudo journalctl -b -1 -e, itakayokuonyesha mwisho wa maisha yaliyopita ya mashine. Linganisha na siku uliyoizima kwa adabu. Mashine iliyozimwa vizuri inaaga: huduma zinasimamishwa moja moja, diski zinaachiwa, mstari wa mwisho unatangaza kuzima. Iliyokatiwa umeme inaishia katikati ya shughuli, mara nyingi kwenye mstari usio na maana yoyote. Ukishaona tofauti hiyo kwa macho yako, logi hazitakutisha tena.

Mfumo wa faili wa ext4 huweka shajara ya mabadiliko, ndiyo maana mashine nyingi huamka salama baada ya kukatika ghafla. Usiielewe vibaya lakini: shajara inalinda mpangilio wa diski. Barua uliyokuwa hujaihifadhi imekwenda.

Baada ya hapo piga systemctl --failed uone huduma zilizogoma kuamka, na df -h uone nafasi iliyobaki. Diski ikijaa asilimia 100, mambo yasiyohusiana huanza kuharibika kwa pamoja na utahangaika kutafuta mchawi. Logi zikiwa ndizo zilizojaza, sudo journalctl --vacuum-size=200M inazipunguza.

8. Mashine haijui saa za Kiswahili

Weka eneo la saa: sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam. Halafu kumbuka kwamba ratiba za cron huhesabu siku kuanzia usiku wa manane. Ukiandika 0 2 * * * umeagiza kazi ifanyike saa nane usiku. Ulitaka saa mbili usiku? Andika 0 20 * * *. Mwanafunzi anayefikiri kwa saa zetu atakosea hapa kwa saa sita kamili, na kosa la saa sita halionekani mpaka siku nakala inapotakiwa na haipo. Andika kwenye ukuta juu ya seva jedwali dogo la saa hizo mbili. Si aibu.

9. Seva iwe na kazi ya kweli: Wikipedia ya Kiswahili bila bando

Seva isiyo na watumiaji haifundishi. Ninayoipendekeza kwa kuanzia ni Kiwix, programu huria inayohifadhi Wikipedia nzima ndani ya faili moja la ZIM. Wikipedia ya Kiswahili imo, na toleo lisilo na picha ni jepesi zaidi. Wazo si geni nchini: shirika la Powering Potential limeweka kwenye shule za sekondari, za Karatu zikiwemo, kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia sola, pamoja na maktaba ya RACHEL isiyohitaji intaneti. Karatu na Busega, wilaya ya Lamadi, zimetenganishwa na Ngorongoro na Serengeti tu.

Sakinisha: sudo apt install kiwix-tools. Tengeneza mtumiaji asiye na makuu: sudo adduser --system --group kiwix. Faili la ZIM liweke /srv/kiwix na ulipe jina fupi. Sasa andika faili la huduma, /etc/systemd/system/wikipedia.service:

[Unit]
Description=Wikipedia ya Kiswahili
After=network.target

[Service]
User=kiwix
ExecStart=/usr/bin/kiwix-serve --port=8080 /srv/kiwix/wikipedia_sw.zim
Restart=on-failure

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Piga sudo systemctl daemon-reload, kisha sudo systemctl enable --now wikipedia. Jaribu kwenye mashine yenyewe kwa curl -I http://localhost:8080. Ikijibu, tafuta anwani ya seva kwa ip a, unganisha simu kwenye Wi-Fi ya ruta ileile, andika anwani hiyo na :8080 mwishoni. Ruta haihitaji kuwa na intaneti. Wanafunzi watasoma bila kununua MB hata moja.

Katika mistari hiyo michache umeshagusa vifurushi, watumiaji, ruhusa, huduma, milango ya mtandao na logi. Ikigoma, systemctl status wikipedia itakuambia kwa nini, na mara nyingi utakuta mtumiaji kiwix hana ruhusa ya kusoma faili. Rudi kidokezo cha 6.

Halafu fanya ukatili kidogo. Toa betri, chomoa waya, chomeka tena, washa, na uone kama Wikipedia inarudi bila wewe kugusa kibodi.

10. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha ihesabu kama haipo

Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu, alifuta hifadhidata kwenye seva isiyokuwa yenyewe. Katika takriban GB 300 zikabaki GB 4.5. Walikuwa na njia tano za kutunza nakala, na saa ilipofika hakuna iliyofanya kazi kama ilivyotarajiwa. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa bahati saa 6 kabla. Kampuni ilieleza yote hadharani, jambo la heshima, na maelezo yao yafaa yasomwe na kila anayeanza.

Wewe nunua diski ya nje, uiweke mfumo wa ext4, kwa sababu FAT na exFAT hazitunzi umiliki wala ruhusa. Iunganishe kwenye /mnt/nakala, kisha kwa sudo crontab -e andika:

30 1 * * * mountpoint -q /mnt/nakala && rsync -a /srv/ /mnt/nakala/

Hiyo ni saa saba na nusu usiku. Kipande cha mountpoint kinahakikisha diski ipo kweli. Bila hicho, siku diski ikichomolewa, rsync itajaza nakala kwenye diski ileile ya seva na utadhani uko salama. Kila mwezi chagua faili moja, lirudishe kutoka kwenye nakala, lifungue. Nakala ikishakamilika, diski isibaki meza moja na seva, mwizi habagui.

11. Funga milango usiyotumia

ss -tulpn, ukiitanguliza na sudo, inaonyesha huduma zinazosikiliza mtandaoni. Usiyoijua, iulize, usiyoitumia, izime. Ukiweka ufw, programu ya kuzuia milango ya mtandao, ruhusu ssh kwanza (sudo ufw allow ssh), ruhusu mlango 8080, ndipo uiwashe kwa sudo ufw enable. Ukigeuza mpangilio huo ukiwa mbali na mashine, utapanda bodaboda kwenda kuifungua.

Kwa ssh tumia funguo badala ya nywila: ssh-keygen, kisha ssh-copy-id. Teknolojia yenyewe aliibuni Tatu Ylönen wa Finland mwaka 1995 baada ya nywila kudukuliwa kwenye mtandao wa chuo chake. Na zoea kujua mwendo wa kawaida wa mashine yako. Machi 2024, mhandisi wa programu Andres Freund aligundua mlango wa siri uliokuwa umepachikwa kwenye xz, programu ya kubana mafaili, baada ya kuona dalili ndogo, mojawapo kuingia kwa ssh kulikochelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Wengine wangesema ni mtandao.

12. Mazoezi yabaki kwenye mashine yako

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa kuwa kosa la jinai, hata kama hukuharibu kitu. Wi-Fi ya nyumba ya wageni si uwanja wa mazoezi. Ukipewa kazi na mtu, omba ruhusa kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha kuanzia.

13. Cheti kije mwishoni

Vyeti vipo vya kuheshimika. LPI wana Linux Essentials kwa wanaoanza, na LPIC-1 yenye mitihani miwili, 101 na 102. Red Hat wana RHCSA, mtihani wa vitendo: unapewa mashine na orodha ya kazi, hakuna maswali ya kuchagua, na kufaulu ni alama 210 kati ya 300. Lipia ada ukishaweza kusakinisha Debian, kufungua akaunti, kuandika faili la huduma na kurudisha nakala bila kuchungulia daftari. Kabla ya hapo, hela hiyo nunulia diski ya nje na betri mpya ya laptopu.